Kitambaa cha Meneja

Juzi, kwenye hoteli moja mjini Kisii, nilimwona kijana akisafisha chujio la bwawa la kuogelea, amevaa barakoa. Gunia la unga mweupe lililokuwa kando yake lilikuwa limeandikwa: usivute vumbi hili. Nilikasirika.

Tata, baba yangu, alifanya kazi hiyohiyo kwenye kilabu cha wenye mashamba ya chai, Nyamira. Alasiri moja nilimpelekea uji. Pampu ilikuwa imezimwa na klorini ilinichoma macho. Alisuuza vitambaa vya chujio, kisha akachota kwa mikono ule unga mweupe wa kuvipaka ili vinase uchafu. Ulikuwa laini kuliko unga wa wimbi, ukamfunika mpaka kope. Meneja alisimama mbali, ameziba pua kwa kitambaa.

"Mimina huko, usinikaribie," alisema.

"Sawa, bwana," tata akajibu, akikohoa.

Nilidhani anachukia jasho la baba yangu. Jioni nililifua shati la tata mara mbili, kwa hasira.

Meneja hakukimbia jasho. Aliijua hatari ya ule unga, akaziba pua yake, asimwonye tata. Tata aliuawa na kifua, na mimi nilikuwa nimemfulia shati tu, nikidhani tatizo ni jasho.