Muuzaji Naye Hununua

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nikiwa bado binti, nimekaa ofisini kwetu Mikumi, simu ikaita. Alikuwa Bi Mwanaidi wa Msowero, mkulima wa mpunga aliyeuza mchele wake kupitia tovuti yetu ya mazao. Mafuriko yalikuwa yamezoa shamba lake lote. Sasa maji yameshuka, na alitaka kupanda maharage kabla udongo haujakauka, maana wajukuu walikuwa wakimtegemea yeye. Wauzaji wa mbegu walikuwemo humo humo kwenye tovuti, lakini kila akijaribu kununua, inamkatalia.

“Inaniambia mimi ni muuzaji,” alisema. “Kwani anayeuza hanunui?”

Cheka tu, nami huwa nacheka. Hifadhidata ya tovuti, yaani daftari lake la kompyuta, tuliitengeneza mimi na mwenzangu Gaspa, na tulikuwa tunaionea fahari: jedwali la wauzaji huku, la wanunuzi kule, na namba moja ya simu iliruhusiwa upande mmoja tu. Kwenye karatasi ilipendeza kweli. Nikamshauri afungue akaunti nyingine kwa namba ya bintiye. Akafungua, akaagiza, hakuna aliyemjibu. Nani ampelekee mbegu adimu mtu ambaye hajawahi kuuza wala kununua chochote? Sifa zake zote za miaka zilikuwa zimebaki kwenye lile jedwali jingine.

Roho iliniuma. Nikapanda gari mpaka Msowero, nikamkuta uani anaanika magodoro.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu, ingawa nyumba yenyewe unaiona.”

Kabla sijakaa akapita mzee mmoja na mkongojo wake. Bi Mwanaidi akaacha godoro, akasimama vizuri. “Shikamoo baba.” Mzee akaitikia taratibu, akaendelea na safari yake.

Hapo ndipo nilipoliona kosa letu. Mtu yule yule, muda ule ule, ameamkiwa na ameamkia. Hakuna anayezaliwa mtu wa marahaba tu. Inategemea amekutana na nani. Na sisi tulikuwa tumemwandika Bi Mwanaidi muuzaji, utadhani hilo ndilo kabila lake!

Tukaifumua kazi yote, Gaspa kanuna, mimi nambembeleza kwa chai na vitumbua. Tukaweka jedwali moja la watu. Pembeni yake tukaweka jedwali la mauziano, na kila uuzaji ukaonyesha watu wawili: huyu ameuza, huyu amenunua. Kesho wakibadilishana nafasi, hakuna anayepoteza jina lake.

Bi Mwanaidi akaagiza tena, safari hii kwa jina lake mwenyewe, na udongo ulikuwa bado una unyevu. Mwenye mbegu alikuwa mzee wa Vidunda, huko milimani, ambaye kwa miaka mingi alinunua mchele wa mama huyu. Alipoona jina akapiga simu ofisini.

“Huyu mama amenilishia wanangu. Nilidhani maji yamemchukua.”

Mbegu zilishuka na gari lililofuata, pamoja na gunia la mahindi ambalo hakuna aliyeliagiza. Nililia pale pale mezani, na Gaspa akajifanya anatafuta kitu chini ya kiti.

Nimesikia nawe unatengeneza soko la mtandaoni, nami nimefurahi kuliko ninavyoweza kusema. Ninachokuomba ni hiki. Usimfungie mtu kwenye kazi aliyokuwa akiifanya siku uliyomwandikisha. Mwandike kwanza kuwa ni mtu. Kuuza na kununua kuandike kati yake na mwenzake, maana huko ndiko kunakotokea. Na kabla ya kuchora majedwali, nenda ukakae na watakaoyatumia, uone wanavyoishi.

Mungu akupe subira kazini na macho ya kuona watu. Na siku wewe uliyezoea kutoa utakapojikuta unahitaji, akukutanishe na mtu atakayeliona jina lako na kuharakisha kukufungia mzigo.