Volti Zilizopotea Njiani kwa Mama

Mama yangu alipoanza kupumua kwa mashine ya oksijeni, nilimwomba aje kwangu na mume wangu Kitale, ambako umeme wetu hausumbui. Alikataa. Mama mkwe halali kwa mkwewe, na mila za kwetu Bungoma zilikuwa upande wake. Kwa kaka yangu, juu ya shamba letu, hatua chache kutoka kwenye mita ya umeme, akakataa pia.

"Siwezi lala kwa nyumba ya kijana yangu na bibi yake," aliniambia kwa simu. "Kama ni kufa, nikufie kwangu."

Nyumba yake ilikuwa chini kabisa ya shamba, karibu na mto. Kaka alivuta waya wa shaba hadi huko, wezi wakaukata. Kwa hasira akaunganisha waya wa ua, ule wa chuma, maana huo hakuna mwizi anayeutaka.

Mashine ikaanza kulia na kuzimika.

"Lakini si balbu inawaka?" kaka alibisha. "Waya ni waya, bana."

Hapana. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na hesabu hiyo nimeiandika ubaoni hadi chaki ikaniziba pua. Chuma huupinga umeme mara sita hivi zaidi ya shaba. Unachukua ukinzani mahususi huo, unauzidisha kwa urefu wa waya, kwenda na kurudi, unagawanya kwa eneo la mkato wake. Zidisha tena kwa mkondo unaovutwa na mashine, utapata volti zinazopotea njiani. Zilizomfikia mama zilitosha balbu, hazikutosha mapafu. Nililia juu ya karatasi ya hesabu hiyo kama mtoto.

Shaba ndefu hadi mtoni ingeibwa tena. Kilichobaki ni kufupisha urefu. Nikaenda nyumbani, tukakubaliana mama ajengewe kibanda chake mwenyewe kando ya mita, asilale kwa mwana wala kwa mkwe.

"Hiyo sawa," alisema, akicheka kidogo. "Lakini mrango uangalie shamba."

Majirani walikandika kuta kwa siku moja. Kaka akavuta kipande kifupi cha shaba. Lakini daktari alikataa katakata mapafu yale yalale kwenye unyevu. Tungoje udongo ukauke. Subira huvuta heri, watu walinituliza. Mvua ikanyesha. Mama akakata roho kule chini, mashine ikilia.

Tulipotoka kumzika, nilichomeka kipimo kwenye soketi ya kibanda. Volti zote zilikuwapo. Nikamkasirikia mama, nikawakasirikia wezi, nikaegemea ukuta, na udongo wake ukanishika mgongoni, bado mbichi.