Mswisi wa Bwana Wangu

Miaka ile ya hamsini, siasa ilipopamba moto Unguja, bwana wangu alishikwa na Mswisi mmoja. Mtu mwenyewe alikufa tangu karne ya kumi na tisa, na jina lake halikupata kunikaa mdomoni. Bwana wangu alimsoma katika kitabu cha kuazima, akawa hana habari nyingine: mtoto wa mkulima wa milimani, akasomea sheria, akawa hakimu, akaingia baraza la jimbo lake, mwisho akawa miongoni mwa wakubwa wa serikali. Tukila, Mswisi. Tukilala, Mswisi. Nilimwambia angelikuwa mwanamke ningejua nimeshapata mke mwenza.

Alichokipenda zaidi ni habari ya vita. Majimbo ya Uswisi yalipigana yenyewe kwa yenyewe, na vilipokwisha, yule Mswisi, ambaye upande wake ulishinda, alikwenda kumzika baba wa hasimu yake. Bwana wangu akisema siasa ndiyo hiyo, na mimi nilimpenda kwa kulisema.

Kisha bwana wangu naye akasimama uchaguzi. Wakati huo mtaani kwetu Mkunazini tulikuwa hatuzikani, na hilo halikuwa neno la kutishiana tu. Mtu wa chama hiki hakununua hata chumvi kwa mtu wa chama kile.

Asubuhi moja akafariki somo yangu, mwanamke aliyenifunda nilipoolewa na kunilea kila nilipojifungua. Wanawe walikuwa chama cha pili. Kwetu somo akifa, mwari wake, yule aliyemfunda, huingia pamoja na mabinti zake kumkosha, kumwosha kabla hajavishwa sanda. Hilo halihitaji mwaliko.

Nilikuwa nimeshavaa buibui wenzake bwana wangu wa tawi la chama walipofika barazani. Walimwambia, kwa adabu kabisa, kuwa akionekana mtu wa nyumba yake kwenye msiba ule, chama kitamsimamisha mwengine. Akaingia ndani akanitaka nivue buibui.

"Yule Mswisi wako angelibaki ndani?" nilimuuliza.

"Yule keshakufa," alinijibu. "Mie nna uchaguzi."

Nilighadhibika. Nilimwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe, kisha nikalia, kisha nikamsihi. Kutoka bila ya ruhusa yake lilikuwa jambo zito, naye alijua kuwa nalijua hilo. Jua lilikuwa limeshapanda alipogeuza uso ukutani na kunyamaza. Nikauchukua ule ukimya kuwa ndiyo ruhusa, nikatoka mbio.

Nyumba ya msiba ilinuka udi na karafuu maiti. Wanawake waliokuwa mikekani walinitazama, wakainamisha vichwa. Binti mkubwa wa somo yangu, tuliyekua pamoja kama ndugu, alitoka chumbani mikono yake ingali mibichi kwa maji.

"Tulikungoja mpaka maji yakapoa," alisema. "Tushamkosha."

Nilikaa mkekani karibu na mlango, na hakuna aliyenisogelea.