Ulimi wa Mjukuu Wangu

Watoto wanane wamenyonya kifua hiki, na wote walinenepa. Kwa hiyo mkamwana wangu alipojifungua hapa kwetu Masukulu, miaka ile ya ruksa ya biashara, maduka yalipoanza kujaa, nilijua malezi ni yangu. Mama yake alikaa Tukuyu mjini, mjane, akiuza mitumba. Alikuwa na sauti ya sokoni. Sikumpenda, na sababu sikuwa nayo.

Siku ya tano mtoto akaanza kulia bila kukoma. Anashika titi, analitafuna, linachomoka, analia. Chuchu za mama yake zikachanika mpaka damu. Nikasema maziwa ya huyu binti ni mepesi. Nikampikia supu, nikamkanda kwa maji ya moto. Mtoto akazidi kupungua, ngozi ya matako ikalegea kama soksi kuukuu.

Sasa, kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Wakikaribia kukutana, binti anaingia migombani na kujifunika kanga. Mzee wangu alishinda uani akichonga mipini ya majembe, basi binti akashinda jikoni kwenye moshi, mlango umerudishwa. Humo ndimo alimonyonyeshea. Nami nilikaa naye humo, mdomo wa mjukuu wangu nikiuona kwa mwanga wa kuni. Niliisifia adabu ya yule binti hadi kanisani.

Siku ya kumi na mbili mkwe mwenzangu akaja, kopo la maziwa ya dukani kwapani.

"Mkwe, mjukuu wetu mbona amekuwa hivi?"

"Maziwa ya mwanao hayana uzito."

"Nilimlea akiwa na damu nzito. Huo wepesi kaupatia wapi, kwako?"

Akamwambia binti afungashe. Mwanangu, mwenye mke, akasimama anaangalia viatu vyake, kisha akawabebea mzigo hadi barabarani. Mtoto wa kwanza wa mwanangu wa kwanza akaondoka na kopo.

Nilivumilia siku mbili. Ya tatu nikachukua mkungu wa ndizi, nikapanda pikapu kwenda Tukuyu. Njiani nilikuwa naomba, na sitaficha, nimkute mtoto hajapona. Si afe. Asipone tu mpaka nifike mimi.

Nikamkuta mkwe barazani kwake, juani, mtoto amelazwa mapajani. Pale hapakuwa na baba mkwe wa kukimbiwa. Mkamwana wangu alikaa wazi, kifua nje, hana wasiwasi.

"Njoo uone, mkwe," mama yake akasema. "Kinachomsumbua nimekiona jana. Tazama ulimi."

Mtoto akafungua mdomo kulia. Ulimi haukuinuka. Utando mfupi kama uzi ulikuwa umeushikilia kwa chini, na ncha yake imebonyea katikati kama jani la kiazi pale linaposhikana na kikonyo. Siku kumi na mbili nilikaa naye, nikaishia kulaumu titi.

"Hata mimi niliona," nikasema.

"Uliona lini?"

"Niliona kitu."

"Ukanyamaza?"

Nikautua mkungu wa ndizi miguuni pake.

Hospitali, mganga akauliza nani atashika kichwa. Sote wawili tukanyoosha mikono.

"Kichwa ni kimoja, bibi zangu," akasema. "Mmoja ashike miguu."

Mkwe alikuwa ameshakamata kichwa. Mimi nikabaki na miguu, miguu myembamba kama ya kifaranga. Mkasi ukapita mara moja, likatoka tone la damu, akapewa mama yake hapo hapo. Nikalisikia koo la mjukuu wangu likimeza. Mkamwana akafumba macho, akasema, "Mama." Hakuwa ananiita mimi.

Nilifurahi, sikatai. Lakini wivu ulikuja na jembe lake ukalima kifua chote.

Tulipotoka nikasema binti arudi nyumbani.

"Kwenye moshi ule?" mama yake akajibu. "Mtoto wa kutazamwa mdomo kila siku anataka mwanga. Atabaki kwangu."

Nikarudi peke yangu. Mzee alikuwa uani anachonga.

"Mjukuu wako ananyonya," nikamwambia.

"Nani kagundua ugonjwa?"

Ningeweza kusema mimi. Tukuyu ni mbali na yeye haendi.

"Mama yake mkamwana," nikasema. "Na hamrudishi mpaka kuwe na mwanga. Kwa hiyo ua huu sasa ni wa mkamwana. Wewe mipini kachongee nyuma ya zizi. Ukitaka kupita, kohoa, apate kujifunika."

"Tangu lini mwanamume anapiga hodi kwake?"

"Tangu mjukuu wako alipolala njaa kwa sababu ya heshima yako."

Aliinuka, akakung'uta vumbi la mbao. Halafu akakusanya mipini yake, mmoja mmoja, akaihamisha.

Jumapili nikaenda kumwambia mkwe kwamba ua uko wazi. Alinihoji kama hakimu, kisha akamwachia binti aje na mtoto. Asubuhi yake mkamwana alikaa uani kwetu, juani, mjukuu wangu akivuta titi kama ndama, na mzee akikohoa tangu kule kwenye mibuni, akikohoa tena, mpaka jirani akaja kuniuliza kama ameanza kuumwa kifua.