Mtungi Wangu Kwenye Foleni ya Mbio

Sijamsamehe, na sina haraka ya kumsamehe. Jirani yangu katika ploti ya vyumba vya kupanga kule Voi, mwanamke wa kutoka Chawia, aliniondolea nafasi yangu ya mbio kwa kutosukuma mtungi. Nasimulia yote ili mtu asije akasema nina roho mbaya bure.

Ilikuwa miaka ya tisini, na maji pale mtaani yalikuwa ya kuviziwa. Hakuna aliyekuwa na muda wa kusimama bombani asubuhi nzima. Tulipanga mitungi yetu ya plastiki, tukaenda zetu kazini. Foleni ikisonga, aliye nyuma yako anausukuma mtungi wako kwa mguu pamoja na wake. Hata watu waliokuwa hawasalimiani walisukumiana mitungi.

Basi ilipofika siku ya kujiandikisha kwa mbio za kutoka Mwatate hadi uwanjani Voi, tulifanya vilevile. Mbio hizo zilipendwa mno. Watu walishuka kutoka Mwanda kwetu, wengine wakaja kutoka Makwasinyi, na nafasi za wanawake zilikuwa arobaini tu. Mimi sikutaka kikombe. Maafisa wa kikosi fulani cha askari walikuwa wakija kutazama, na wanawake sita wa kwanza waliajiriwa, mradi hawajapita miaka ishirini na mitano. Nilikuwa na ishirini na minne, na kazi yangu ilikuwa kukanda unga wa chapati katika hoteli karibu na stendi. Nilitaka kutoka kwenye unga ule.

Nikaweka mtungi wangu wa manjano mbele ya mlango wa karani, nao wa jirani ukawa nyuma yangu.

"Nisukumie, dada," nikamwambia. "Naenda kuwasha jiko, narudi saa nne."

"Nenda, usijali."

Niliporudi, mtungi wangu ulikuwa umesimama peke yake pale kibarazani, mahali palepale nilipouacha. Watu wote walikuwa wameupita. Nafasi zilikuwa zimekwisha, na ya arobaini ilikuwa imeandikwa jina la jirani.

"Hapa hatuandiki mitungi, mama," karani alisema bila kuinua kichwa. "Tunaandika watu."

Siku ya mbio nilisimama kando ya barabara nikamwona akipita na namba arobaini kifuani, anatembea, mkono kiunoni. Alifika karibu na wa mwisho. Angekimbia vizuri labda ningemeza. Lakini ile karatasi ya namba aliibandika ukutani mwa chumba chake, juu ya kitanda, na mlango wake ulikuwa haufungwi. Kila asubuhi nikienda kuoga naiona. Nilimchukia huyo mwanamke.

Mwaka mzima nilikimbia alfajiri kabla ya kwenda hotelini, kando ya mashamba ya mkonge, nikimfikiria yeye tu. Nikichoka nakumbuka ule mtungi kibarazani, miguu inapata nguvu. Kilichonikera zaidi ni kwamba naye alianza kukimbia, upande wa pili wa mji, kwa bidii.

Uandikishaji ulipofika tena, niliomba ruhusa kazini nikasimama foleni mwenyewe. Mtungi wake ulikuwa mbele yangu. Alikuwa amempeleka mtoto wake kliniki. Foleni ilisonga, na mama mmoja nyuma yangu akanigusa bega.

"Huyo hayuko. Upite tu, twende."

"Ni wa jirani yangu," nikasema. "Nausukuma mimi."

Niliusukuma hatua kwa hatua hadi mlangoni. Nilitaka aandikwe. Nitamlipiza kisasi nani kama hayuko barabarani? Akaja anahema, mtoto mgongoni, akaona mtungi wake ulipofika. Machozi yakamlengalenga.

"Asante, dada. Mungu akubariki. Na mwaka jana..."

"Ingia uandikwe," nikamkatiza.

Siku ya mbio mpango wangu ulikuwa mmoja: nimfuate nyuma hatua tatu njia nzima, asikie viatu vyangu, halafu nimpite uwanjani mbele ya majirani wote wa ploti. Nikafanya hivyo. Akiongeza mwendo naongeza, akipunguza napunguza. Aligeuka mara nyingi, na kila alipogeuka nilimtolea meno. Nusu ya njia nilihisi mwili wangu mwepesi kabisa. Wanawake waliotutangulia walikuwa wanaonekana pale mbele, wengine wanayumba. Ningeweza kuwafikia. Sikwenda.

Nilimpita getini pa uwanja. Majirani walipiga kelele, nami nikageuza uso nimtazame vizuri, kama nilivyokuwa nimepanga mwaka mzima. Raha niliyoisikia siwezi kuikana hata leo.

Nikavuka mstari. Afisa aliyekuwa na daftari aliniangalia, akalifunga. Wasichana sita walikuwa wamekwisha kaa kando kwenye nyasi, wanaandikishwa. Mimi nilikuwa wa saba, na mwaka uliofuata ningekuwa na miaka ishirini na sita.

Jirani alifika akainama, mikono magotini. Alinitazama nilivyosimama, sina hata jasho la maana.

"Dada," akasema, "pumzi zote hizo ulikuwa unamwekea nani?"

Nilirudi nyumbani peke yangu, nikavua viatu, nikalala kifudifudi.

Kesho yake asubuhi nilipeleka mtungi bombani kabla ya kwenda kukanda unga. Wake ulikuwa tayari pale mbele ya wangu, mwenyewe hayupo. Foleni iliposonga nilitazama huku na huku, nikauzungusha wangu kwa mguu, nikaupita wake.