Moto Ambao Mwalimu Dismas Hakuutangaza

Kule Mandawa, ikifika Julai, kila mwenye mikorosho hufagia chini ya miti yake, akakusanya majani makavu marundo marundo na kuyachoma, ili korosho zikianza kudondoka zionekane. Majani hayo yakishika moto hayana mswalie Mtume. Ndiyo maana watu wana utaratibu wao: kabla hujawasha kiberiti unazunguka mashamba ya jirani, unapaza sauti, "Jamani, nachoma leo!", na unangoja ujibiwe. Asiyefanya hivyo ni mtu wa hovyo, na atasemwa mpaka masika.

Dismas aliyajua hayo kuliko wote. Alikuwa katekista wa kigango, mtu wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti nzuri, na kila mwaka ndiye aliyesimama mbele ya waumini kuwakumbusha asichome mtu bila kutangaza. Wakristo pale si wengi, lakini hata Waislamu walimwita Mwalimu, na jirani yake wa shamba, Mzee Habibu, alimheshimu kupita kiasi.

Jumamosi moja, miaka saba iliyopita, Mwalimu alikuwa na haraka. Padri asingekuja kesho yake, ibada ilikuwa juu yake, na masomo alikuwa hajayatazama hata kidogo. Alijua Mzee Habibu amekwenda Nachingwea kumwona binti yake Shamimu, aliyekuwa amejifungua. Shamba la jirani halina mtu, akajiambia, nimtangazie nani, mikorosho? Akawasha. Kwenye saa nane mchana upepo ukageuka.

Shambani mwa Habibu kulikuwa na kibanda cha nyasi, na ndani yake alikuwemo Saada, mkewe, amejinyoosha baada ya swala ya adhuhuri. Mguu ulikuwa ukimsumbua, na kwa sababu ya mguu huohuo hakuweza kusafiri na mumewe. Waliokuja kuzima walikuta kibanda kimeshaanguka. Mengine tuyaache, marehemu ana wajukuu wanaojua kusoma.

Lawama zikamwangukia Mustafa, mrina asali wa kutoka Lionja, ambaye asubuhi ile alionekana akipita na kienge chake cha kufukuzia nyuki. Alikana mpaka sauti ikamkauka. Watu walimpiga, wakamvunja mkono. Dismas alikuwepo. Shamba lake nalo lilikuwa limeungua, na aliwaacha watu waamini kwamba moto ulitoka porini ukampitia na yeye. Tena alisimama katikati ya kundi akasema, kwa ile sauti yake nzuri, "Jamani, msimuue." Watu wakamsifu kwa huruma yake. Mustafa akahama, akaenda kuishi Chiola kwa kuchoma mkaa, mkono mmoja umepinda.

Miaka saba hiyo Mwalimu hakukosa ibada hata moja. Alijipiga kifua kila Jumapili pamoja na wenzake, na mkono wake ukazoea. Kilichomshinda ni Mzee Habibu. Wanawake waliomkosha marehemu walimwambia mzee kwamba moshi ulimkuta mkewe usingizini. "Alilala tu, hakujua lolote," mzee alimweleza kila mtu, hata wageni ambao hawakumuuliza. Akilisema hilo mbele ya Dismas, Dismas alikumbuka ghafla kwamba ana mbuzi hajamfunga, akaondoka.

Mwaka huu, mwezi wa Juni, ikaja habari kwamba Mustafa amefariki huko Chiola. Vijana wawili wakamuuliza Mzee Habibu kama atakwenda kuzika. "Nikazike nini?" akasema. "Alimuua mke wangu, na kuvunjwa mkono hakukumtosha. Mungu amchome kama alivyomchoma mama Shamimu." Dismas alikuwa amesimama hatua nne kutoka hapo. Siku ile hakugusa chakula. Mkewe, Domitila, alimuuliza mara tatu kama ni malaria.

Asubuhi akapanda bodaboda hadi parokiani Nachingwea, akapiga magoti mbele ya Padri Jonasi. Alitubu moto. Alitubu uongo. Alitubu mkono wa Mustafa na kaburi lake. Padri akasema, "Mwalimu, Mungu hashindwi na dhambi yako. Lakini kuna mtu ameingia kaburini na kosa lako. Nenda kwa huyo mzee ukalichukue." Akamwondolea dhambi.

Dismas alitoka nje mzito vilevile, na sababu aliijua. Kulikuwa na jambo moja alilolimeza. Siku ile ya moto alisikia sauti kibandani. Katekista aliyefundisha watoto wa watu kwamba dhambi iliyofichwa kwa makusudi huharibu kitubio chote, alikuwa ameificha kwa makusudi. Miaka yote aliwahubiria watu kwamba Mungu humfungulia kila anayebisha. Hakuwahi kufikiri kwamba mlango ukifunguliwa, atakayemkuta kwanza ni jirani yake. Aliogopa, na tuseme ukweli, hakumwogopa Mungu kama alivyomwogopa Habibu.

Jioni yake alimkuta mzee uani, amekaa kwenye mkeka, anapepeta ufuta; binti yake alikuwa amekuja kumtembelea.

"Karibu, Mwalimu. Shamimu! Mletee Mwalimu kigoda."

"Nitakaa chini, mzee wangu." Akakaa mchangani. "Ule moto ulikuwa wangu."

"Moto upi?"

"Uliomuua mama Shamimu. Niliwasha mimi, sikutangaza. Mustafa hakuhusika hata kidogo. Nilimwona anapigwa nikanyamaza."

Ungo ukasimama. Shamimu, aliyekuwa ameshika kigoda, akakiweka chini taratibu akaingia ndani, na kilio chake kikasikika kutoka huko. Mzee hakugeuka.

"Mimi nimemlaani Mustafa," akasema. "Jana tu. Nimemlaani maiti, Mwalimu."

"Laana hiyo ni yangu, mzee wangu. Nimeifuata."

Mzee alitingisha kichwa kana kwamba ana nzi usoni. Alipoongea tena, alikuwa kama anaomba. "Lakini mwenzangu hakuteseka. Alilala, si ndivyo? Wewe ulikuwa karibu. Hukusikia kitu?"

Neno moja tu lilihitajika. Hapana. Mzee angebaki na kile kidogo alichokuwa nacho, na nani angemlaumu Dismas kwa kumwachia? Lakini alikumbuka kwamba kule kuwaambia watu wasimuue Mustafa nako kulikuwa huruma, na nyuma ya huruma hiyo alijificha miaka saba. Hakujua kama anaiponya roho yake au anaivunja ya mwenzake. Alijua tu kwamba hawezi kusema uongo tena mbele ya macho yale.

"Nilisikia," akasema. "Nilisikia, nikajilaza nyuma ya kichuguu nikaziba masikio. Halafu nikakimbia."

Mzee Habibu aliachia ungo, ufuta ukamwagika mkekani na mchangani. Dismas akainamisha kichwa angoje kupigwa. Alitamani kupigwa. Kipigo hakikuja.

"Alisema nini?"

"Mzee wangu, nakuomba..."

"Alisema nini, Dismas?" Katika miaka yote hiyo hakuwahi kumwita jina lake kavu.

"Alikuita wewe."

"Niitie," akasema. "Niitie kama alivyoita. Nataka nisikie."

Dismas akaita. Sauti iliyotoka haikuwa ile ya kusomea masomo kanisani. Ilitoka nyembamba, imepasuka, na hata yeye ilimtisha.

"Baba Shamimu! Baba Shamimu, njoo! Njoo, mwenzio naungua!"

Mzee Habibu akageuza uso kuelekea upande wa mashamba, machozi yakimtiririka mpaka ndevuni, akaita kwa nguvu zote alizobakiwa nazo:

"Naam, mama Shamimu! Naam! Nakuja!"

Akainuka ili aende, akajikwaa kwenye ungo. Dismas akamdaka kabla hajaanguka, na mzee hakumsukuma.