Jogoo Asiyekubalika Mkiani

Mwaka 1968 wanafunzi wengi wa urubani walipenda kuruka. Ryoba wa Nchagwa, kijana wa Kehancha, alipenda hesabu inayotangulia kuruka. Tabia hiyo ilimpunguzia marafiki, lakini haikuwahi kumwangusha.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Kila kinachopanda ndegeni kina uzito wake na mahali pake. Unazidisha uzito kwa umbali wake kutoka pua ya ndege, unajumlisha yote, kisha unagawanya kwa uzito mzima. Jibu ndipo mahali ambapo ungeifunga ndege kamba, ikaning'inia bila kuinama. Likirudi nyuma mno, ndege huinua pua angani na kukataa kuishusha, na mwanafunzi humaliza masomo mapema.

Siku ya mtihani wake wa kuruka kutoka Migori hadi Homa Bay, jamaa walifika uwanjani kumuaga. Kwao msafiri hapewi zawadi mkononi, maana atajitia kukataa. Huwekewa kwenye mizigo wakati anasalimu watu. Ryoba alisalimu watu wengi. Alipogeuka, ndege ilikuwa imekaa kitako kama mbwa, gurudumu la mbele hewani. Mkiani mlikuwa na gunia la unga wa wimbi, ndizi, na jogoo aliyefungwa miguu.

"Mkikaa mbele itashuka!" alisema Maroa, baba yake mdogo.

Ryoba akamtazama mwalimu wake, Mzungu mnene.

"Leo mimi abiria tu," Mzungu akasema. "Rubani ni wewe."

Ryoba akapiga hesabu kwenye kiganja. "Uzito haujazidi, baba mdogo. Mahali ndipo pabaya."

Akashusha vyote mbele ya ukoo mzima. Mama yake, Rispa, akauliza polepole, "Nimelima wimbi ili lirudi nyumbani likinicheka?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Bila baraka za mama, Ryoba hangeondoka. Na zawadi ile ikiwa mkiani, hangefika.

"Mama, mkiani hapana. Lakini mbele kuna nafasi."

"Nani atakaa mbele na jogoo?"

"Mimi. Awe tumboni."

Rispa alimkazia macho, kisha akaagiza kuni. Jogoo akachinjwa kando ya uwanja, ugali ukasongwa, ndizi zikachemshwa. Mzungu alikula bila kubembelezwa. Walipokwisha kunawa, Ryoba alimwongoza hadi kwenye mizani ya mahindi ghalani, wakapimwa upya wote wawili, naye akaanza hesabu tangu mwanzo huku ukoo ukingoja juani. Jibu lilikaa panapotakiwa.

Rispa akamtemea mwanawe mate ya baraka kifuani. Ndege ikapaa kwa adabu. Unga uliobaki ulirudi Kehancha, na haukumcheka mtu.

"Umeona yule Mzungu alivyokula mapaja yote mawili?" Rispa alimwambia Maroa, macho yakiwa angani. "Kama ni uzito, si wangemshusha yeye?"